Mkono Haujaokoka

Shangazi Nkwimba alibatizwa ziwani, kule Magu,
akatoka majini akaenda kuvunja mitungi yake yote mitatu.
Ndiyo maana nampigia simu kwa aibu,
nimekaa juu ya jiwe la Mabatini, mtama kati ya magoti,
nauliza kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichokusudia kununua:
hivi, shangazi, zamani mlikuwa mnaanzaje?

Kimya. Nasikia kuku wake.
Kisha: Mimi Msabato, mwanangu. Sinywi, sipiki, sinusi.
Kisha: Mtama mwekundu au mweupe?

Mwekundu.

Loweka usiku kucha. Chuja. Funika kwa gunia bichi,
wala usifunuefunue kama mume mwenye wivu.

Siku ya tatu nikachungulia:
kila punje imetoa mkia mweupe,
zimeshikana, zina joto la kwapa.
Nikazianika juu ya jiwe. Hapa kwetu
nani asiye na jiwe? Mchana lilikopa jua,
usiku likawa linarudisha, kidogo kidogo,
mdeni mwaminifu.
Nilifukuza kuku wa mama Kashinje.
Nilifukuza kongoti aliyepanda kutoka kwenye mapanki
na lile joho lake la hakimu mstaafu.
Sami sikuwaweza. Walitoka ziwani kama moshi,
wakatua kwenye kimea, kwenye shati, kwenye meno.
Saga nao, akasema shangazi. Wana mafuta.

Mashine ya Igoma ilinitoza mia tano
na swali: Uji wa mgonjwa?
Nikasema ndiyo. Mgonjwa ni mimi.

Pika. Epua. Ngoja ndipo utie kimea.
Ningoje hadi lini? Sina kipimajoto.
Chovya kiwiko. Uwe kama maji ya kumwogeshea mtoto.
Sina mtoto.
Basi kumbuka ulivyoogeshwa.

Ijumaa, jua likielekea visiwani,
nilimimina ndani ya ndoo ile chachu
niliyoombaomba Buhongwa, kikopo kimoja, rangi ya tope.
Saa moja: hakuna kitu.
Saa mbili: hakuna kitu, na utando juu
kama jicho la mzee.
Nikapiga. Nikapiga tena.
Sabato imeingia Magu, simu imelala kifudifudi
hadi kesho jua lizame.

Nilitaka kuongeza sukari. Nilitaka kutia hamira ya mkate.
Nilitaka kukoroga, kumwaga mtaroni, kuhama chumba.
Nilikaa tu, mkono juu ya kifuniko.
Usiku wa manane nikatega sikio:
ndani mle watu walikuwa wakinong'ona,
wengi, kama kanisani kabla mhubiri hajaingia.

Sitadanganya. Ilitoka kali, ina mchanga.
Jirani yangu Lugata alikunywa kikombe kizima
akasema, Ndiyo, ni pombe,
kwa sauti ya mtu anayemtambua ndugu yake mochwari.
Akaomba kingine.

Jumapili shangazi akashuka kutoka Magu,
eti ameleta viazi.
Hakuonja. Aliweka kiganja ubavuni mwa ndoo
kama anayepima homa.
Kisha, bila kuombwa, akachukua mwiko,
akakoroga pole pole kutoka chini, macho kafumba,
mpaka povu likapanda, jeupe, nene, likakaa.
Ulikuwa unaichapa, akasema. Hii haichapwi.

Akanawa. Akanawa tena kwa sabuni.
Nikageuka kutazama ziwa, kwa adabu,
na kwenye kioo cha dirisha nikamwona
anainua vidole puani.

Mimi niliokoka, mwanangu, akasema kwa mgongo wangu.
Huu mkono bado naubembeleza.
Mtama umebaki kiasi gani?